Hela Isiyo na Tundu

Siku ya arobaini ya mume wangu Salum, wageni walipokwisha kula na masufuria yakaanza kukwanguliwa uani, mjukuu wangu Athumani alinifuata chumbani akakaa ukingoni mwa kitanda kwa adabu nyingi. Anafanya kazi bandarini Dar es Salaam, na kijana wa Dar nikimwona amekaa kwa adabu hivyo, kwanza huangalia mfuko wangu uko wapi. Alitaka nimpe hela ninayovaa shingoni, ile sarafu ya Mjerumani, yenye tundu baya lililopasuka ukingoni. Alisema kule Dar kuna mzee mmoja anayenunua fedha za zamani, na ajabu yake ni kwamba zile zilizoharibika kiwandani huzinunua ghali kuliko nzima. "Hebu nikusikie vizuri," nikamwambia. "Iliyoharibika ndiyo ghali?" "Ndiyo, bibi. Ikiwa ilikosewa kulekule ilikotengenezwa. Wanasema ni adimu, kwa kuwa nyingi za namna hiyo hukamatwa kabla ya kutoka." Maneno hayo niliyasikia mara ya kwanza kupitia ukuta, nikiwa msichana, na tangu hapo sikuwahi kuyasikia kwa mtu mwingine yeyote ila mume wangu. Nilimpa Athumani ile hela baada ya kumwapisha, na kabla ya kuitoa mkononi niliikagua mikwaruzo yake yote, asije akaniletea nyingine. Watoto wangu husema mimi hata chumvi naionja mara mbili. Waache waseme. Alipoondoka nilibaki nimekaa palepale, shingo tupu, nikaanza kuukumbuka mwaka ule.

Mwaka ninaousema nilikuwa mwali wa ndani. Kwetu milimani msichana akivunja ungo alikuwa anawekwa ndani miezi mingi, wengine mwaka na zaidi. Hasemi na mwanamume, hachomwi na jua, anafundwa, anakula, anangoja siku ya kutolewa kwa ngoma. Chumba changu kilikuwa cha nyuma, upande wa mlima, na asubuhi ukuta wake wa udongo ulikuwa unalowa kwa ukungu. Kulikuwa na kitanda cha kamba, mafiga matatu, na dari ya fito ambako mahindi ya mbegu yalikuwa yananing'inia yakila moshi pamoja nami. Nilikula kande, nilikula magimbi ya kuchemsha, nilikula ugali na majani ya maboga yaliyotiwa karanga, na nikikataa niliambiwa kwamba mwali mwembamba anaitia nyumba yake aibu. Kati ya nguzo mbili za ukuta udongo ulikuwa umepasuka, na mimi nikaupanua ule ufa kidogo kidogo kwa kijiti cha mtama, nikiuziba kwa kitambaa kila nikisikia mtu anakuja. Kwa ufa ule niliona sebule ya mjomba wangu Shabani, kaka yake mama, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba na wa ukoo. Yaani niliona miguu, vikombe, na pengine uso wa mtu akiinama. Mengine yote niliyapata kwa masikio. Mpaka leo naweza kujua kwa namna mtu anavyoweka kikombe chini kama anasema kweli, au ndivyo ninavyojidanganya.

Salum alikuwa ameniposa kabla sijawekwa ndani. Alikuwa mtu wa bondeni, wa Morogoro mjini, akifanya kazi stesheni ya kupaka mafuta magurudumu ya mabehewa. Garimoshi lilikuwa bado geni. Wajerumani walikuwa wamelifikisha Morogoro miaka michache tu nyuma, na watu wa milimani walikuwa hawajaamua kama waliogope au walipande. Mjomba Shabani hakumpenda Salum. Alisema kijana yule ananuka mafuta yasiyo ya nazi wala ya ufuta, na kwamba mtu anayelala karibu na Wazungu huota ndoto zao. Lakini mahari ilikuwa imesemwa vizuri, na mama alikuwa amemkubali, kwa hiyo mjomba alibaki kungoja kosa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, alikuwa akisema kila Salum akitajwa, na mimi kule nyuma ya ukuta nilianza kuitafuta hiyo kamba pamoja naye, ingawa nilimpenda. Nilikuwa nimemwona mara mbili tu. Nilipenda jinsi alivyokuwa anasikiliza kabla ya kujibu.

Desturi ilikuwa hivi. Siku mwali anapotolewa huvishwa shanga, na tangu zilipokuja zile hela za Mjerumani zenye tundu katikati, wanawake waliona zimeletwa kwa ajili yao. Zilikuwa nyeupe, zimechorwa taji, na uzi ulipita bila taabu. Basi ikawa upande wa mume ndio unaoleta mkufu wa hela za kumi kumi, na mwali hutoka nao shingoni ukilia kwa kila hatua ya ngoma. Siku ngoma yangu ilipokaribia, shangazi wawili wa Salum walipanda mlima na mkufu wetu umefungwa katika kitambaa chekundu. Walikula, wakasifu, wakashuka. Kungwi wangu, Bi Tatu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini ambayo hata mjomba aliiogopa, alikaa sebuleni na mama kuukagua. Nilisikia hela zikigongana moja moja. Halafu zikanyamaza.

"Hii nini?" Bi Tatu aliuliza.

"Hela," mama akajibu.

"Tundu lake liko wapi?"

Niliweka jicho kwenye ufa. Bi Tatu alikuwa ameushika mkufu kwa ncha za vidole, na katikati yake, mahali panapokaa kifuani, palikuwa na hela moja nzima, haina tundu hata la sindano. Kwa kuwa uzi haukuweza kupita, mtu alikuwa ameizungushia uzi mweusi, akaupitisha huku na huku, akaufunga fundo nyuma ili isianguke.

"Imezibwa," alisema Bi Tatu taratibu, "na juu ya kuzibwa imefungwa. Mama Mwanaidi, wewe ni mtu mzima. Sina haja ya kukueleza."

Hakuwa na haja ya kunieleza hata mimi. Kwetu kila mtu anajua kwamba ukitaka kumfunga mwanamke kizazi unachukua kitu chake, unakizungushia uzi na kupiga fundo, na fundo hilo likikaa, tumbo lake nalo linakaa. Na hapa tulikuwa tumeletewa kitu kisicho na njia, kimefungwa kwa uzi mweusi, nivalishwe kifuani mbele ya ukoo mzima. Mama alisema labda ni bahati mbaya. Bi Tatu akamjibu kwamba hela zote duniani zina tundu, hii moja ikakosa tundu, ikapita mikono yote hiyo, ikaja ikakaa katikati kabisa ya mkufu wa mwanao, halafu unaiita bahati mbaya.

Siku zilizofuata nyumba ile ilibadilika. Chakula changu kilikuja kimefunikwa, na Bi Tatu alikionja kwanza mbele yangu. Nilipewa dawa chungu ya mizizi asubuhi kabla ya uji. Mama, ambaye alizoea kukaa nami nikila, alisukuma sahani mlangoni na kurudi, na nilipomwuliza alisema ana kazi. Baadaye nilisikia kwamba alikuwa analia na hakutaka nimwone. Lakini mimi sikujua hilo, nikadhani ananiogopa. Nilianza kulichunguza tumbo langu kama mali ya mtu mwingine. Kila lilipouma niliwaza, ndilo fundo. Kila lilipokaa kimya niliwaza, limekwisha fungika. Nilimshuku Salum, nikawashuku shangazi zake, nikamshuku mpaka binamu yangu aliyewapokea kitambaa mlangoni. Nilikuwa na hofu ambayo sijaipata tena, hata nilipojifungua, hata wakati wa vita. Msichana akitoka na jina la tasa haoni mume, na kwetu ukoo unapita kwa mwanamke. Bila mtoto wangu nyumba yetu ilikuwa inaishia kwangu.

Mjomba alimwita Salum. Alikuja peke yake, jambo ambalo mjomba alilihesabu kuwa ni kiburi na Bi Tatu akalihesabu kuwa ni woga. Niliona miguu yake, safi, lakini kucha zina weusi wa mafuta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Mjomba aliiweka ile hela juu ya mkeka. "Mali yako hii?"

"Yangu. Niliifunga kwa mkono wangu mwenyewe."

Nilisikia Bi Tatu akivuta pumzi.

Salum akaeleza. Alisema hela ile alilipwa katika mshahara wake, na alipoona haina tundu alitaka kuirudisha, akidhani ni mbovu. Lakini pale stesheni kulikuwa na Mzungu mmoja ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Miwani. Huyo alikuwa na sanduku jembamba lenye vyumba vidogo vidogo vya kitambaa, na ndani yake fedha za nchi nyingi. Bwana Miwani alipoiona aliishika kwa ncha za vidole. Akamwambia kwamba kule zinakotengenezwa, chuma hutobolewa kwanza ndipo hupigwa taji, na kwamba kipande hiki kilipenya kwenye mashine kabla ya kutobolewa. Kosa la namna hii, alisema, watu wa kwao hulitafuta maisha yao yote. Akataka kuinunua palepale kwa bei ya ng'ombe na ndama wake.

"Ukakataa," alisema mjomba.

"Nilikataa. Mkufu wa hela kila mwali anao. Nilitaka mwali wangu awe na kimoja ambacho hakuna mwingine anacho." Kidole chake kikaugusa ule uzi mweusi. "Kuifunga uzi nilikosea, mzee. Sikujua. Mimi nilikulia bondeni kwa watu baki, sikufundishwa mambo haya. Nilikuwa nafikiria tu isidondoke."

Mjomba alicheka, na kicheko chake kilikuwa kibaya kuliko ugomvi. "Kijana, nimeuza mbuzi, nimeuza tumbaku, nimeuza ndizi. Mbuzi kiguru hana bei ya mbuzi mzima. Leo unaniambia Mzungu ananunua kilema kwa bei ya ng'ombe, na wewe, mpaka mafuta, ukamkatalia." Na kusema kweli, kule nyuma ya ukuta nilikuwa upande wa mjomba. Nilitaka sana kumwamini Salum, na kwa kuwa nilitaka sana, nikazidi kushuku.

Mjomba hakuwa mtu wa kuhukumu akiwa amekaa. Aliteremka mjini na ile hela imefungwa kwenye pindo la shuka. Alirudi jioni, akavua viatu kwa kishindo, akaomba maji kabla hajasalimiwa. Stesheni aliambiwa Bwana Miwani amehamishwa, amepelekwa mbele na reli, na hakuna aliyejua lini atarudi. Hakuna mtu mwingine aliyeona ununuzi wowote. "Kila mwongo shahidi wake amesafiri," alisema mjomba. Kisha alikwenda kwa Banyani mwenye duka karibu na soko, akaomba chumvi. Banyani aligeuza hela, akaiuma, akairudisha juu ya meza. Alisema hela ya kumi ina tundu, hii haina, yeye hapokei, na mzee aiondoe upesi kabla askari wa boma hajapita, kwani mtu akikutwa na fedha ya bandia anakula kiboko kwanza, maswali baadaye. Kwa hiyo mjomba alipanda mlima wote ule, jasho linamtoka, akishika pindo la shuka, akitazama nyuma. Bei ya ng'ombe kwa mmoja, kwa mwingine haitoshi chumvi. Alisema kitu chenye bei mbili za namna hiyo ama ni uchawi ama ni mtego, na vyote viwili havilali ndani ya nyumba yake. Alitaka itupwe mtoni na posa irudishwe.

Ni Bi Tatu aliyemzuia, yule yule aliyeanzisha. Alisema kitu cha kufunga hakitupwi na fundo lake, kwa sababu fundo litabaki limefungwa huko chini ya maji na mtoto ataangamia nalo. Kilichofungwa hufunguliwa, na kilichozibwa hutobolewa, mbele ya macho ya pande zote mbili. Lakini mali ya mtu haitobolewi bila idhini yake, la sivyo kazi haikubali. Basi aitwe mwenye hela na aitwe mhunzi.

Walikusanyika uani asubuhi, mbele ya mlango wa sebule uliokuwa wazi, usawa wa ufa wangu hasa, nafikiri Bi Tatu alitaka nisikie. Mhunzi alikuja na mivukuto yake ya ngozi ya mbuzi na ncha ya chuma aliyoitumia kutobolea mipini. Shangazi wawili wa Salum walikaa upande mmoja, wamejifunika, wameudhika. Bi Tatu alifungua fundo, akauchoma uzi mweusi motoni, akaiweka hela juu ya jiwe la mhunzi. Kisha mjomba akasema na Salum.

"Una njia mbili. Chukua hela yako, kamtafute Mzungu wako huko aliko, ununue ng'ombe wako. Posa tunairudisha, hatudaiani. Au itobolewe hapa."

"Ikitobolewa haitakuwa na bei tena," alisema Salum. "Aliniambia hivyo. Ndiyo maana aliishika kwa ncha za vidole."

"Basi ichukue."

Watu wote walikuwa wanaitazama ile hela juu ya jiwe. Mimi nilikuwa namtazama yeye. Ufa ulinipa uso wake wote, kwa mara ya kwanza tangu niwekwe ndani. Nilikuwa nimejiandaa kuona mtu anayeigiza, na nilijua nitakachokitafuta. Mtu aliyedanganya angefurahi, kwani uongo wake ulikuwa unafutwa kwa pigo moja la nyundo, bila gharama. Salum hakufurahi. Alikuwa anauma mdomo wa chini. Alitazama njia ya kushukia mjini. Aliitazama kweli. Kisha akageuka akautazama ukuta, kama aliyejua mahali nilipo, akasema, "Toboeni."

Nyundo ilipopiga alifumba macho. Kile chuma kilikuwa kigumu, mhunzi alipiga tena na tena, na mara ya mwisho ukingo ukapasuka. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama aliingia chumbani kwangu akilia, akanikumbatia kwa mara ya kwanza baada ya siku zile zote, akanusa moshi nywelani mwangu na kusema nimenenepa vizuri. Nilitolewa kwa ngoma wiki iliyofuata, na ile hela ilikuwa katikati ya mkufu, imekaa upande upande kwa sababu ya tundu lake la kienyeji, ikinikwaruza kila nilipocheza.

Nimeishi na mtu yule mpaka kifo chake. Nimezaa naye, na wa kwanza alipochelewa kidogo upande wetu ulinong'ona habari ya hela, na alipozaliwa wakasema dawa ya Bi Tatu ina nguvu. Hakuna aliyesema Salum alikuwa mkweli. Mjomba Shabani alikufa akimwita Mwenye Ng'ombe, na wanawe wakalirithi jina. Salum alikuwa anacheka nao. Vita vilikuja, Mjerumani akaondoka, hela zikafa zikaja shilingi, na mkufu wangu ukaishia kwa watoto kuchezea moja moja, ikabaki ile tu. Na mimi? Mimi niliuona uso wake siku ile, na kwa uso ule nikaolewa. Lakini uso ni uso. Kila baada ya miaka kadhaa, tukiwa tunapukuchua mahindi au tunangoja mvua ikatike, nilikuwa namwambia, hebu nihadithie tena habari ya Bwana Miwani. Njia ya mwongo ni fupi, nami nilikuwa namngoja mwisho wa njia. Angeongeza ng'ombe wa pili, ningemkamata. Angebadili rangi ya sanduku, ningemkamata. Hakuongeza, hakupunguza. Mara ya mwisho alikuwa mgonjwa tayari, akasema, "Mke wangu, wewe ungekuwa akida wa Mjerumani, gereza lingejaa," kisha akanihadithia, ng'ombe yule yule na ndama wake.

Athumani alirudi Ijumaa. Wana wa mjomba Shabani walikuwa bado hapa, wamekaa barazani na kahawa. Alinipa hela yangu, nikaikagua mikwaruzo, ndiyo yenyewe. Akakaa chini, amechoka na amekasirika kama mtu aliyepotewa na mali.

"Bibi, yule mzee aliweka kioo jichoni akaitazama mpaka nikachoka. Akanionyesha ukingo wa tundu, jinsi chuma kilivyosukumwa kikachomoza upande wa pili. Anasema za kiwandani haziko hivyo. Hii ilitoka kwao haina tundu kabisa, na ya hivyo yeye ameiona kwenye picha tu. Kama isingetobolewa, anasema, ungejenga nyumba ya bati na kuchimba kisima pia. Sasa hainunuliki. Amenipa chai, akanirudishia."

Barazani hakuna aliyecheka. Mwana mkubwa wa mjomba aliweka kikombe chini taratibu sana. Mimi nilikuwa nalia, na sikujificha. Nililia kwa furaha, na nililia kwa sababu alikuwa na siku arobaini na chache tu ardhini na sikuwa na mtu wa kumwambia.

"Sasa unalilia nyumba ya bati?" Athumani akauliza. Kisha hasira zikamrudia. "Mjinga gani aliitoboa hii, bibi?"

"Babu yako," nikamwambia. "Na bei alikuwa anaijua. Haya, njoo nyuma hapa unifungie uzi."